Mstari uliokatika: kisa cha jubilei ya fedha katika hoteli kubwa ya katikati ya jiji

Mume wangu nami tulitimiza miaka 25 ya ndoa siku ya Jumamosi. Watoto walichanga wakatulipia malazi ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, katika hoteli kubwa ya katikati ya jiji: jengo la ghorofa 22, vyumba zaidi ya 600. Buking aliishughulikia binti yetu mkubwa, wiki saba kabla, kupitia tovuti ya wakala. Kwenye nafasi ya maombi aliandika: "Jubilei ya fedha ya wazazi wangu. Tunaomba kitanda kimoja kikubwa, ghorofa ya juu, mbali na lifti." Wakala akamjibu kwa barua pepe kwamba maombi yamepokelewa na yamefikishwa hotelini.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilifanya kazi ya mapokezi miaka tisa, katika hoteli za ukubwa huo huo. Makosa yaliyotokea nayajua yanakotoka, na mengine niliwahi kuyafanya. Lakini lipo jambo moja ambalo miaka yote tisa sikulielewa, nikaja kulielewa nikiwa mgeni.

Tulifika saa tisa na dakika ishirini alasiri. Wageni walitakiwa kutoka vyumbani saa tano asubuhi, na wapya kupokewa kuanzia saa tisa. Saa hizo nne za katikati ndizo zinazoamua siku ya hoteli itakwendaje. Mhudumu mmoja wa usafi hupangiwa, katika hoteli nyingi, vyumba kati ya 13 na 16 kwa zamu, na chumba ambacho mgeni amehama, cha kubadilisha mashuka yote na kusugua bafu upya, kinamla nusu saa au zaidi. Chukua hoteli iliyojaa, yenye vyumba 300 vya kugeuza siku hiyo: hizo ni saa 150 za kazi ya mikono, zinazotakiwa ziingie ndani ya saa nne. Hata wahudumu 37 wasiogusa kazi nyingine hawazimalizi. Kwa hiyo saa tisa inapogonga, sehemu ya vyumba iko tayari, sehemu imesafishwa ila msimamizi hajaikagua, na sehemu bado ina taulo za mgeni aliyeondoka sakafuni. Mhudumu wa mapokezi anaruhusiwa kutoa vile vilivyokaguliwa tu.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano mkubwa. Wajumbe walikuwa wamejaa ukumbi wa kuingilia, beji zinaning'inia shingoni, masanduku yamesimama kama uzio. Tulisimama foleni dakika 25. Binti aliyetupokea alikuwa na adabu zake zote. "Karibuni sana, mama. Karibu, baba. Poleni na foleni." Akaangalia skrini, akabofya mara mbili, akatabasamu: "Chumba chenu kiko tayari."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoamua usiku wetu. Chumba kilichokuwa tayari kilikuwa ghorofa ya tano, mlango wa pili kutoka kwenye lifti, vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, na ubavuni mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani. Dirisha lilitazama ua wa ndani ambako malori huleta mashuka. Katika yote matatu tuliyoomba, hakuna hata moja lililotimia.

Mezani palikuwa na sahani ya matunda, na pembeni kadi iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri wa kulala upande: "Heri ya siku ya kuzaliwa." Mume wangu aliishika kadi ile muda mrefu. Aliigeuza nyuma kuona kama kuna neno jingine, akairudisha pale pale ilipokuwa.

Nieleze kwanza chumba kilivyogawiwa, maana wageni wengi hudhani kwamba siku unayolipa ndiyo siku unayopata chumba. Unapolipa wiki saba kabla, unanunua aina ya chumba. Namba kwa kawaida hupangwa usiku wa kuamkia siku yako au asubuhi yake. Anayepanga huanza na wageni wanaorudi mara kwa mara na walio kwenye mpango wa uanachama, kisha makundi yaliyosainiwa mkataba, kisha waliobuki moja kwa moja. Wanaotoka kwa mawakala, hasa waliopata bei ya punguzo, mara nyingi hubaki mwisho, na hupewa kilichobaki. Aina aliyoinunua binti yetu iliandikwa "chumba cha kawaida, kitanda kimoja au viwili". Neno hilo "au" linaipa hoteli uhuru wote. Ombi lake la kitanda kimoja lilibaki kuwa ombi, na ombi halimfungi mtu.

Tena hoteli za ukubwa huo huuza vyumba zaidi ya vilivyopo, zikijua kwamba baadhi ya wageni watafuta safari au hawatatokea. Hesabu hiyo hufanywa kwa jumla na kwa kila aina ya chumba, na ikikosea upande wa vitanda vikubwa, wenye vitanda viwili huwa ni sisi. Sioni uovu ndani yake. Chumba kilicholala tupu leo hakiuziki kesho. Ubaya unaanza pale mgeni asipoambiwa.

Sasa turudi kwenye kaunta. Kulikuwa na watu kama 40 nyuma yetu. Binti yule alikuwa na chumba kimoja mkononi na wageni wawili mbele yake. Angeweza kusema: "Mama, ninacho chumba sasa hivi, ila kina vitanda viwili na kiko karibu na lifti. Mkisubiri mpaka saa kumi na moja, naweza kuwapatia kingine. Mngependa kipi?" Maneno hayo yanachukua sekunde 20. Tungekaa pale ukumbini tukanywa chai, tukatazama watu, na tungefurahi, maana tulikuwa tumekuja kukaa pamoja na hatukuwa na haraka ya kwenda popote. Hakusema. Simlaumu kwa kinywa kipana, kwa sababu najua anapimwa kwa nini. Enzi zangu msimamizi alipita nyuma yetu akihesabu dakika za foleni. Hakuna aliyewahi kupita akihesabu maswali tuliyowauliza wageni. Mtu aliyefunzwa kufupisha foleni atatoa chumba cha kwanza kilicho safi, na atakitoa kwa tabasamu.

Na je, hakuiona habari ya jubilei? Niliuliza swali hilo kesho yake, na meneja wa zamu, mama mmoja mtulivu, akanionyesha karatasi ya wageni watarajiwa ya Jumamosi. Jina letu lilikuwepo. Mbele yake, kwenye safu nyembamba ya maoni, paliandikwa: "Jubilei ya fedha ya wazazi wangu. Tunaom". Basi. Safu inapitisha herufi 40, nafasi na nukta zikiwemo. Kitanda, ghorofa na lifti vilikuwa vimebaki ndani ya mfumo, nyuma ya kitufe ambacho mtu mwenye foleni ya watu 40 habonyezi. Binti yetu alianza na sababu kisha akaomba, kama mtoto mwenye adabu anavyopaswa kuomba, na adabu hiyo ndiyo iliyomeza nafasi yote.

Kadi ya siku ya kuzaliwa nayo ilikuwa na safari yake. Mtu wa ofisi ya buking, alipoona neno jubilei, aliweka alama ya sherehe. Orodha iliyokwenda jikoni ilibeba alama peke yake, bila maneno. Jikoni wanajua kwamba sherehe nyingi za wageni ni siku za kuzaliwa, wakaandika hivyo. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa nia njema. Mwandiko ule mzuri ni ushahidi: mtu alikaa chini akauandika taratibu.

Hoteli kubwa si jambo jipya. Stevens ya Chicago ilifunguliwa mwaka 1927 ikiwa na vyumba 3,000. Kwenye ukubwa huo hakuna mtu mmoja anayemjua mgeni tangu anapobuki hadi anapoondoka. Anayemjua ni karatasi, na siku hizi skrini. Habari ya mgeni hupita mikononi mwa watu sita au saba, na kila inapokabidhiwa hupungua kidogo. Kwa wakala ilikuwa sentensi mbili. Mapokezi ilifika kama sentensi moja na nusu neno. Jikoni ilifika kama alama.

Saa kumi na mbili jioni simu ililia. Binti yetu. "Mama, chumba kikoje?"

Nikamwambia: "Kizuri sana, mwanangu. Asanteni."

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kitanda chake, mimi kwangu, meza ndogo katikati yetu. Hakusema kitu. Nilikuwa nimemdanganya mwanangu kwa sababu ukweli ungeiharibu zawadi yake, na hapo ndipo nilipoelewa lile ambalo miaka tisa ya kaunta haikunifundisha. Mgeni wa sherehe halalamiki. Mfanyabiashara aliyepewa chumba kibaya atashuka chini dakika hiyo hiyo. Kwake chumba ni chombo cha kazi. Aliyekuja kuadhimisha ndoa yake anajua kwamba akianza kugombana na mapokezi, ugomvi ndio atakaoukumbuka. Basi anameza. Anasema tuache tu, tumefika, tuko pamoja, inatosha. Hoteli inaona ukimya na kuuhesabu kuwa kuridhika. Niliwapokea wanandoa wengi sana wa aina hiyo, wakaniambia "hakuna shida" wakiondoka, nami nikaamini.

Mume wangu alikuwa ametamka maneno hayo hayo mlangoni: "Tuache tu, mama watoto." Nilijua, kwa uzoefu wangu, kwamba wakati bora wa kubadilisha chumba ni kabla ya kufungua sanduku na kabla ya kukalia kitanda, maana chumba kilichoguswa lazima kisafishwe upya na mapokezi hawapendi kukipoteza. Nilijua pia kwamba simu moja hotelini, siku mbili tatu kabla ya safari, ingelitoa ombi letu mikononi mwa wakala na kuliweka kwa anayepanga namba. Sikupiga simu, kwa kuwa zawadi ilikuwa ya watoto na sikutaka kuonekana naikagua. Na mlangoni nilinyamaza nikafungua sanduku.

Kisha usiku ukaingia. Kengele ya lifti si sauti kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza sauti ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30, na kelele ya mara moja moja isizidi 45. Vipimo ni viwili kwa sababu wastani wa usiku peke yake hautoshi: kitu kinacholia, kikanyamaza, kikalia tena, huweza kumwamsha mtu hata kama wastani uko chini. Wajumbe wa mkutano walirudi kwa mafungu. Kengele, milango inafunguka, vicheko, magurudumu ya sanduku, kimya. Kengele. Na kutoka kwa jirani, chini ya mlango wa kuunganisha, mazungumzo ya simu yaliyosikika neno kwa neno.

Saa saba na robo usiku nilipiga simu mapokezi. Aliyepokea ni kijana wa zamu ya usiku. Nilimweleza kwa kifupi, nikitarajia lile jibu ninalolijua: samahani sana mama, hoteli imejaa. Hoteli ilikuwa imejaa kweli, na alisema hivyo, ila hakuishia hapo. Aliuliza: "Mama, niambie mambo mawili. Mnahitaji nini usiku huu mpate kulala, na mnataka nini kesho?"

Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza mgeni swali zuri kama hilo. Lilitenganisha lililowezekana na lisilowezekana, na likaniachia mimi kusema. Nikamwambia usiku huu tunataka kimya, kesho tunataka chumba tulichoombewa. Baada ya dakika kumi alifika mwenyewe na taulo mbili nzito, akazikunja kwa urefu na kuzibana chini ya mlango wa kuunganisha, akatupatia vizibo vya masikio, akampigia jirani kwa upole kutoka simu ya ukumbini. Halafu akaona kadi mezani. Akaisoma, akaturudishia macho. "Ni siku ya kuzaliwa ya nani?" Mume wangu akamwambia. Kijana alisimama kidogo, akasema, "Poleni sana, baba. Hongereni," akaichukua kadi akaondoka nayo.

Saa mbili na nusu asubuhi Jumapili meneja wa zamu alipiga simu. Kijana alikuwa ametupangia chumba ghorofa ya 18, upande wa pili wa jengo, cha mgeni aliyekuwa akiondoka alfajiri, na akakifungia kwa jina letu kwenye mfumo ili mwingine asikigawe. Jambo hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ahadi ya usiku iliyoandikwa kwenye daftari la makabidhiano tu hufa asubuhi, kwa kuwa anayepanga vyumba hasomi daftari, anasoma skrini. Chumba kilichofungwa kwa jina hakigawiki mpaka mtu aamue kukifungua. Jumapili pia ilitusaidia: katika hoteli za katikati ya jiji ndio usiku ambao mara nyingi huwa mwepesi kuliko yote, wa wikendi wameondoka na wa kazi hawajafika. Saa sita mchana tulikuwa tumehama. Hapo kadi ya benki iliguswa mara ya pili kwa dhamana ya matumizi, yaani fedha ambazo hoteli huzizuia kwenye kadi kwa ajili ya gharama za ziada, na zile zilizozuiliwa tulipofika zikaendelea kuzuiliwa siku kadhaa. Mtu akihamishwa chumba, aombe dhamana ya zamani ihamishiwe chumba kipya palepale.

Kuhusu fidia, meneja alianza na punguzo la asilimia 20 kwa safari yetu ijayo. Niliwahi kulitoa punguzo hilo mara nyingi. Linaifaa hoteli, kwa sababu mgeni anafidiwa kwa kulipa tena. Nikamwambia kwamba hatukupoteza safari ijayo, tulipoteza usiku wa Jumamosi, na aliyeulipia ni binti yetu. Akaafiki bila mabishano. Ugumu ulikuwa kwenye njia: fedha zilikuwa zimelipwa kwa wakala, kwa hiyo hoteli haikuweza kumrudishia binti yetu moja kwa moja. Ilibidi hoteli imwandikie wakala kwamba inauachia usiku huo, kisha wakala amrudishie aliyelipa. Niliomba nakala ya barua hiyo kabla ya kuondoka. Bila nakala, hoteli husema iko kwa wakala na wakala husema iko kwa hoteli. Fedha ziliingia siku ya kumi na moja, na ilinibidi sasa nimweleze mwanangu ukweli. Alikasirika kidogo, si kwa ajili ya chumba. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

Kwenye taaluma ya huduma lipo wazo, lililopewa jina mwaka 1992, kwamba mgeni aliyekosewa kisha akarekebishiwa vizuri huweza kuridhika kuliko ambaye hakukosewa kabisa. Mameneja wanalipenda. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba kuridhika huweza kupanda kweli, lakini nia ya kurudi na nia ya kuisifu hoteli kwa wengine hazipandi nako. Kwa upande wetu naona hivyo hivyo. Nilimsifu kijana yule kwa maandishi, kwa zamu na saa yake. Hoteli yenyewe siwezi kumshauri mtu aende mpaka ile safu ya herufi 40 irekebishwe. Nilimwambia meneja hivyo, nikamwomba alipeleke suala la safu kwa wahusika wa mfumo, akaliandika mbele yangu. Nilimshauri pia kitu ambacho hakihitaji fundi: kila asubuhi mtu mmoja afungue maombi ya wageni wote wenye alama ya sherehe, ayasome mpaka mwisho, na jina lake liandikwe kwamba yeye ndiye aliyeyasoma. Siku yenye wageni 15 wa aina hiyo, ni kazi ya dakika 20.

Jumapili jioni tulikuwa ghorofa ya 18. Kitanda kimoja, pazia zito, jiji likiwaka chini yetu bila sauti. Kadi mpya ilikuwa mezani, imeandikwa kwa mwandiko ule ule wa kulala upande, safari hii ikiwa na namba 25 na neno jubilei. Mume wangu aliisoma mara mbili kisha akaiweka ndani ya pasipoti yake, isikunjike.

Tuliondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, makusudi, kabla zamu ya usiku haijabadilika. Kijana alikuwa kaunta peke yake, anapanga bahasha za ankara. Alituona tukitoka kwenye lifti, akaacha bahasha. Hakuuliza kuhusu chumba, wala kama tumeridhika na huduma.

"Mmelala?" aliuliza.

"Tumelala, mwanangu," mume wangu akamjibu.

Akainua sanduku letu mwenyewe akatutangulia mlangoni.